Kitenzi cha Amri katika Kinywa cha Mkorea

Amri ni katika maneno ya kwanza yaingiayo sikioni mwa mtoto. Kabla hajajua jina la mji wake amekwisha kuambiwa njoo, kaa, nyamaza, kula. Huielewa amri kabla ya kuielewa sababu yake. Lakini mtu mzima ajifunzaye lugha ya kigeni huona kinyume cha hayo. Majina ya vitu humjia upesi, hesabu humjia upesi, na salamu humjia upesi. Amri huja nyuma, tena huja na makosa. Kiini cha ugumu huo si matamshi. Amri ina watu wawili ndani yake, mmoja juu na mmoja chini, na kila taifa lina kipimo chake cha umbali ulio baina yao. Ajifunzaye kitenzi cha kuamuru hana budi kujifunza na kipimo hicho, nacho hakipatikani kwa urahisi katika kamusi.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Mkorea ajifunzaye kitenzi cha Kiingereza "order". Neno lenyewe ni fupi, na katika biashara limekwisha kuingia katika Kikorea chenyewe kwa umbo la "odeo". Kamusi humpa mwanafunzi maana mbili: "myeongnyeonghada", yaani kuamuru, na "jumunhada", yaani kuagiza bidhaa au chakula. Kwa maelezo hayo mwanafunzi hufunga kamusi akidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Katika Kikorea kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na mwisho wa kitenzi ndipo adabu inapokaa. Mzazi amwambiaye mwanawe akae husema "anjara". Rafiki amwambiaye mwenzake wa rika moja husema "anja". Amwambiaye mgeni, au mtu aliyemzidi umri, husema "anjeuseyo". Na katika hadhara, mbele ya watu wa kuheshimiwa, husemwa "anjeusipsio". Shina ni moja, tendo ni moja, na kiti ni kile kile; kinachobadilika ni ule mwisho wa neno. Mtu aliye nyuma ya ukuta, asiyewaona wanaosemezana, aweza kukisia kwa neno hilo moja ni nani mkubwa, ni nani mdogo, na kama wamezoeana. Mkorea hawezi kutoa amri bila ya kutangaza mahali asimamapo. Akikosea mwisho huo hakukosea sarufi tu, bali amemvunjia mtu heshima. Na mbele ya mkubwa wa kweli, mathalani babu au mwalimu, hata ule mwisho wenye adabu kuliko yote huenda usitoshe. Mdogo hutafuta njia ya kuzunguka, akauliza au akapendekeza, kuliko kuamuru.

Mtu aliyelelewa hivyo akiingia katika Kiingereza hujiona ameingia katika nyumba isiyo na ngazi. "Sit" ya mtoto na "sit" ya waziri ni neno moja. Wako wakatao shauri mara hiyo kwamba Kiingereza hakina adabu, au kwamba wasemao lugha hiyo wamefutiana ukubwa na udogo. Rai hiyo si sahihi. Ngazi zipo, ila hazikujengwa mahali pale pale. Kikorea kimezijenga katika mwisho wa amri yenyewe; Kiingereza kimezijenga katika maneno yaizungukayo amri, na hasa katika uchaguzi wa kitenzi kinachoisimulia. "Ask" hutumika pale aambiwaye anaweza kukataa bila ya lawama kubwa. "Tell" hutumika pale mzazi, mwalimu au mkuu wa kazi anaposema kwa kutazamia kusikilizwa. "Order" hutumika pale ambapo nyuma ya neno pana mamlaka: hakimu, polisi, ofisa wa jeshi. Daktari pia huazimwa kitenzi hicho, kwa kuwa mgonjwa humpa daktari mamlaka juu ya mwili wake. "Command" hukaa juu zaidi, pamoja na wafalme na majenerali. Basi Mkorea anayetafuta adabu katika mwisho wa neno hutafuta chumbani kitu kilichowekwa sebuleni.

Umbo la sentensi nalo lina mtego wake. Katika Kikorea aamriwaye hufuatwa na kiambisho "ege", chenye maana ya "kwa", kama kwamba amri ni kifurushi kinachopelekwa kwake. Kwa hiyo mwanafunzi huandika kwa Kiingereza kwamba mkuu aliamuru "kwa" askari, akitia "to" mahali pasipotakiwa. Kiingereza hakiikubali "to" hiyo. Aamriwaye hushikwa moja kwa moja na kitenzi, na "to" hungoja mbele, ikatangulia tendo analoamriwa kulitenda. Msemaji wa Kiswahili hawezi kuucheka ugumu huu, lakini anaweza kuuelewa upesi, kwa kuwa lugha yake imemtia aamriwaye ndani ya tumbo la kitenzi: "alimwamuru aende". Hakuna "kwa" hapo. Kosa hili husahihishwa kwa mazoezi ya wiki chache, na likisahihishwa huacha kovu dogo. Liko kosa jingine lisiloonekana katika sarufi. Sentensi huwa safi, mwalimu huipitisha, na msomaji huisoma mpaka mwisho; ila anayesimuliwa ndani yake amegeuzwa kuwa mtu mwingine.

Kosa hilo hutoka katika kitenzi cha Kikorea kitumiwacho kila siku, "sikida". Maana yake ni kumfanya mtu atende jambo, au kumpa kazi ya kutenda. Mkorea aketiye mkahawani akaagiza tambi hutumia "sikida". Kaka amtumaye mdogo wake dukani hutumia "sikida" pamoja na neno "simbureum", ambalo maana yake ni utumwa wa nyumbani, ule wa mtoto kutumwa na wakubwa wake. Kwa kuwa "order" ya Kiingereza nayo huagiza tambi, na tena huamuru watu, mwanafunzi huona maneno mawili yaliyofanana kama pacha, akayafunga kamba moja. Ndipo anapoandika kwamba bibi yake "alimwamuru" kununua tofu. Msomaji wa Kiingereza humwona bibi kizee amesimama wima kama sajini, na mjukuu mbele yake amebana mikono. Katika nyumba ile ya Korea hapakuwa na sajini. Palikuwa na bibi aliyekuwa akipika, na mtoto aliyechukua sarafu akatoka mbio.

Kiswahili kina maneno yanayofaa kwa shughuli hiyo. Kuagiza ni kwa chakula, kwa bidhaa, na kwa maelekezo ya mkubwa. Kutuma ni kwa mtoto anayepelekwa dukani. Kuamuru ni kwa mwenye madaraka. Mswahili asemaye kwamba bibi alimtuma tofu hajamtukana bibi yake, kwa sababu kutumwa ni sehemu ya malezi, na mtoto asiyetumika husemwa vibaya katika mtaa. Kwa jambo hili mtoto wa Busan na mtoto wa Tanga wamelelewa katika adabu iliyokaribiana, na wote wawili hupata tabu wakitafuta neno moja la Kiingereza litakalobeba yote mawili, agizo na mapenzi.

Liko neno la jamaa hiyo lililo zito zaidi. Kikorea huchukua jina "gongbu", yaani masomo, kikaliunganisha na "sikida", kikapata "gongbusikida". Mwanafunzi akilivunja neno hilo kwa kamusi hupata "kumfanya mtu asome", na kwa Kiingereza huandika kwamba wazazi wake "made" yeye asome. Sentensi hiyo kwa sikio la Kiingereza ni mashtaka. Humwonyesha mtoto aliyefungiwa chumbani na vitabu, na wazazi walioshika ufunguo. Lakini mwandishi wake hakukusudia kushtaki. Alitaka kusema kwamba baba na mama walilima, au walisimama sokoni, au walikopa, ili yeye aende shule. Alikusudia neno ambalo Kiswahili kinalo kwa ukamilifu wake: walimsomesha. Kauli ya kutendesha katika Kiswahili, kama "sikida" katika Kikorea, haina shurti ndani yake kila mara. Anayesomesha hutoa. Anayelisha hutoa, na anayevisha hutoa. Mzazi humtenda mwana awe mtu, na mwana akisimulia jambo hilo anashukuru. Basi kijana anayeandika insha yake ya kwanza ya Kiingereza juu ya mama yake, akatumia kitenzi kisichofaa, amegeuza shukrani kuwa manung'uniko. Na mama hatajua kamwe, kwa kuwa hasomi Kiingereza. Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa ulimi katika lugha ya kigeni huwa na msiba wa ziada, kwani hasikii kishindo cha kuanguka kwake.

Yawezekana mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya darasani, na kwamba neno moja la Kiingereza halina uzito wa kuhangaisha taifa. Historia ya Korea yatoa jawabu jingine. Katika mwaka 1945, Japani iliposhindwa baada ya kuitawala Korea tangu mwaka 1910, waraka ulioeleza ni nani atakayepokea silaha za Wajapani kaskazini na kusini ya latitudo ya 38 uliitwa kwa jina hili hili la "order": Amri ya Jumla Namba 1. Tarehe 7 Septemba mwaka huo Jenerali Douglas MacArthur alitoa Tangazo Namba 1 kwa watu wa Korea waliokuwa kusini ya mstari huo. Tangazo liliwataka watu watii upesi amri zake na amri zitolewazo kwa mamlaka yake, tena likasema kwamba katika muda wa utawala wa kijeshi lugha rasmi kwa shughuli zote itakuwa Kiingereza. Watu wa kusini waliamriwa kutii, na lugha ya amri ikawa ni ile ambayo wengi wao hawakuijua. Wale wachache walioijua walipata nguvu ambayo hakuna aliyewachagulia, na Wakorea wameipa siasa ya siku hizo jina la "tongyeok jeongchi", yaani siasa ya wakalimani. Mkalimani aliyesimama baina ya ofisa wa Kimarekani na mwanakijiji alikuwa na uwezo wa kuligeuza ombi kuwa amri, na amri kuwa ombi, kwa kuchagua kitenzi tu.

Vita vilipozuka tarehe 25 Juni 1950, kitenzi cha pili, "command", nacho kilichukua nafasi yake. Tarehe 14 Julai Rais Syngman Rhee alimwandikia MacArthur barua, akamkabidhi mamlaka ya amri juu ya majeshi ya Korea Kusini ya nchi kavu, ya bahari na ya anga, kwa muda wote wa uhasama ule. Neno lililotumika katika Kiingereza lilikuwa "command". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, "mandare", ambacho wanazuoni wa lugha hukifasiri kuwa ni kutia kitu katika mkono wa mtu. Kwa Kikorea mamlaka hayo huitwa "jihwigwon". Na "jihwi" imejengwa kwa alama mbili za Kichina, moja ya kidole kinachoelekeza, na moja ya mkono unaopungwa. Kwa hiyo kiongozi wa bendi ya muziki naye huitwa "jihwija". Mkono katika Kiingereza ulikuwa unapokea. Mkono katika Kikorea ulikuwa unaelekeza. Jeshi zima lilipita baina ya mikono hiyo miwili kwa barua moja.

Mwaka 1954 nchi hizo mbili ziliandikiana upya, na mahali pa "command" pakawekwa "operational control", yaani uongozi wa operesheni, ambao ni mdogo kuliko amri kamili. Mwaka 1978 uongozi huo ulihamishiwa katika Makao Makuu ya Majeshi ya Pamoja ya Korea na Marekani. Tarehe 1 Desemba 1994 Korea Kusini iliurudisha mikononi mwake uongozi wa wakati wa amani. Ule wa wakati wa vita ulipangiwa tarehe, ukaahirishwa, na mwaka 2014 serikali mbili zikakubaliana utegemee masharti badala ya tarehe. Maofisa na wanasheria wameyapima maneno hayo ya Kiingereza kwa miaka mingi, wakitafuta ni wapi "command" huishia na ni wapi "control" huanzia. Mwanafunzi anayeona maneno hayo yamepangwa jirani katika kamusi, kila moja na tafsiri yake fupi, hawezi kukisia kwamba mpaka ulio baina yao umehesabiwa kwa majeshi.

Na mtu wa chini alikuwa na somo lake. Katika Agosti 1950 Wakorea walianza kuingizwa katika vikosi vya Marekani chini ya mpango uitwao KATUSA. Baadhi yao walivushwa bahari mpaka Japani, wakaungana na Divisheni ya 7, na mwezi wa Septemba walikuwa katika mapigano ya Inchon na Seoul. Ilipangwa kila Mkorea awe pamoja na mwenzake Mmarekani, ajifunze kwa kumtazama, kwa maana hapakuwa na wakati wa shule. Kwao amri ya Kiingereza haikuwa na sarufi. Ilikuwa ni sauti, na ishara ya mkono, na uso wa mwenzao. Kulala chini mapema au kuchelewa kulala kulikuwa ndiyo tafsiri.

Wakorea wana alama ya maandishi ielezayo jambo hili kwa ufupi. Neno lao la amri, "myeongnyeong", limetoka katika Kichina, na alama yake ya kwanza, "myeong", ina maana ya amri, na maana ya uhai, na maana ya ajali aliyoandikiwa mtu. Neno la amri lilikuja Korea pamoja na maandishi ya serikali kutoka nje, kama vile "amri" ilivyokuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kama vile "order" na "command" zilivyokuja katika Kiingereza kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066. Lugha tatu zisizo na udugu zimeazima neno la kuamuru kutoka kwa wenye dola au wenye vitabu, na zikaliacha neno la kienyeji kwa mambo ya jikoni na uani. Kiingereza kina "tell", Kikorea kina "sikida", na Kiswahili kina "kutuma". Kumbe Mkorea anayeliita agizo la bibi yake "order" amelichukua neno la ikulu akalipeleka jikoni.

Msaada uko ndani ya Kikorea chenyewe. Mkorea anaposimulia amri ya mtu mwingine hutumia umbo la "rago". Awe msemaji alisema "anjara", au "anja", au "anjeusipsio", katika masimulizi yote huwa "anjeurago", yaani kwamba akae. Zile ngazi za kumheshimu msikilizaji huanguka, isipokuwa msimulizi akipenda kumtukuza aliyeambiwa, ndipo hutia silabi "si" katikati. Kwa hiyo Mkorea anajua tayari hali ambayo amri huvuliwa nguo zake. Tena anajua kwamba baada ya kuivua huivisha upya kwa kitenzi kifuatacho: akiweka "hada", alisema tu, akiweka "butakhada", aliomba, akiweka "myeongnyeonghada", aliamuru. Hapo ndipo Kikorea na Kiingereza hukutana. Mwanafunzi aanzaye katika amri ya ana kwa ana hupotea, kwa kuwa lugha mbili zimeachana pale. Aanzaye katika masimulizi hujikuta karibu na kwao, akachagua "tell", au "ask", au "order", kama anavyochagua kila siku bila ya kufikiri.

Wafundishaji wa Kiswahili nao wana fungu lao katika habari hii. Huko Korea Kusini, katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni, Kiswahili hufundishwa kwa vijana wa Kikorea, na wengi wao hukifikia baada ya miaka mingi ya Kiingereza shuleni. Kijana aliyepata shida kutafuta Kiingereza cha "gongbusikida" akilikuta neno "kusomesha" hukuta jambo lake katika lugha ya watu wa mbali. Mwalimu mwema asiliache neno hilo lipite kama mfano mmoja katika orodha ya vitenzi. Alisimamishe, alinganishe, na ampe mwanafunzi nafasi ya kurudi katika ile insha yake ya zamani.

Kwani sentensi ile juu ya mama yaweza kusahihishwa. Kwa Kikorea husemwa "Eomeonikkeseo nareul gongbusikyeo jusyeotda", na katika neno lile la mwisho imo "juda", ambayo ni kupa, na imo "si" ya heshima. Kwa Kiswahili: mama alinisomesha. Kwa Kiingereza hakuna neno moja, wala "order" haifai, wala "make" haifai. Yafaa kijana aandike kwamba mama "put me through school", kisha aongeze sentensi ya pili na kueleza ni kazi gani mama alifanya, kwa miaka mingapi, na ada ililipwa kwa nini. Sentensi hiyo ya pili haikuhitajika katika Kikorea. Katika Kiingereza itakuwa ndiyo mahali pa heshima.